Mwaka wa Farasi Kunde

Habari za kifo cha Fundi Feruzi zilinifikia sokoni Dodoma, nikiwa mbele ya mwanamke aliyekuwa akinipimia chumvi. Hakujua kwamba namfahamu marehemu. Alikuwa akimwambia jirani yake kuwa yule mzee wa nyuma ya msikiti, yule aliyekuwa na tabia ya kuwasalimu punda barabarani kabla ya kuwasalimu wenye punda, amezikwa jana baada ya swala ya adhuhuri. Niliiacha chumvi nikaenda kutoa pole. Nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, niligundua kwamba hakuna hata mmoja kati ya wajukuu wake aliyejua kuwa babu yao aliwahi kufanya kazi katika banda la farasi la boma la Wajerumani. Mmoja aliniuliza, "Bibi, farasi hapa Dodoma? Waliishije?" Nikamwambia hawakuishi sana. Wengi walikufa kwa ugonjwa kabla hawajaizoea nchi, na huyu farasi ninayetaka kusimulia habari zake naye aliishia hivyo hivyo, baadaye. Lakini kabla ya ugonjwa kumpata alitupa mwaka mmoja, na mwaka huo ndio ulionifundisha kutazama.

Nilikuwa mke mpya wa Ndahani. Reli ilikuwa imekwisha kupita Dodoma ikaendelea magharibi, na vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa bado haijasikika. Ndahani alitoka kuchimba tuta la reli akapata kazi bomani ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwa sababu moja tu: aliulizwa kama anajua wanyama, naye akajibu kwamba amekulia zizini. Hakuulizwa zizi la wanyama gani. Tulipewa chumba katika tembe fupi nyuma ya banda, kuta za udongo na paa la udongo, mlango ukielekea uani. Chumba cha pili alikaa Fundi Feruzi, mkubwa wa masaisi, mtu wa Bagamoyo aliyefika bara na misafara ya punda zamani, akaoa na kuachwa, akabaki. Jiko langu lilikuwa katikati, mafiga chini ya kipaa cha nyasi, na kutoka pale niliona ua wote: nguzo za kufungia, mlango wa banda, na hori la maji, ambalo lilikuwa gogo zima la mti lililochongwa tumbo. Dirisha hatukuwa nalo. Mtu anayesonga ugali kila siku mbele ya ua kama ule hawezi kusema hakuona yaliyotendeka.

Tulikula pamoja sisi watu watatu, jambo ambalo mama mkwe angelishangaa, lakini bomani desturi zililegea. Ugali ulikuwa wa uwele au mtama, na mboga, mara nyingi, mlenda. Fundi Feruzi hakuuzoea mlenda mpaka mwisho. "Shemeji," aliniambia, akiutazama ukivutika kutoka kwenye tonge lake, "mboga hii haitaki kuliwa. Tazama inavyorudi kwao." Ndahani alimjibu kwamba watu wa pwani meno yao yameharibiwa na halua ndiyo maana wanaogopa chakula kinachoteleza. Fundi akasema afadhali halua kuliko Mgogo kujipaka samli kama chapati. Utani wao ulikuwa wa namna hiyo, asubuhi na jioni, na sikumwona hata mmoja wao akikasirika kweli, isipokuwa siku ile nitakayoieleza. Nyama Fundi hakula ila aliyoichinja mwenyewe, kwa hiyo Ndahani alimkabidhi kisu kila mara bila kuambiwa.

Kunde aliletwa mwanzoni mwa kiangazi kutoka kwenye kombania ya askari iliyokuwa Iringa. Alikuwa farasi jike, rangi yake ile ya kunde mbivu, mrefu kuliko nyumbu wetu wote wa mizigo. Bwana aliyesimamia banda lile alimpa jina la Kijerumani ambalo ndimi zetu zilishindwa kulikamata, basi tukamwita Kunde. Bwana mwenyewe tulimwita Bwana Kidevu, kwa sababu alikitanguliza kidevu chake popote alipokwenda. Hakuwa mtu wa kelele. Saisi wa kwanza aliyepewa Kunde alivunjwa mkono katika mwezi uleule, akarudi kwao Mlali na mkono wake kifuani. Ndipo Kunde akakabidhiwa Ndahani.

Haukupita muda naye akapigwa. Niliona kwa macho yangu. Alitaka kumsogeza Kunde kwenye hori, akazunguka nyuma yake, akasimama wima kabisa nyuma ya mkia, akampiga kofi dogo la nyonga na kusema "Haya, mama." Ndivyo sisi tunavyomsogeza ng'ombe. Ng'ombe akirusha teke hulirusha kwa pembeni, kama mtu anayefagia. Mchungaji anayejua kazi yake husimama nyuma kabisa, maana pale teke halifiki. Kila mtoto wa Kigogo anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Farasi hakufundishwa na Wagogo. Miguu yote miwili ilitoka nyuma kwa pamoja, na kama Ndahani hangekuwa karibu mno, kiasi kwamba teke lilimpata kabla halijapata nguvu, nisingekuwa na mume. Alianguka chali kwenye vumbi. Nilikimbia na mwiko wangu mkononi. Fundi Feruzi alifika kabla yangu, akamgusa mbavu, akasema hakuna kilichovunjika, kisha akamwambia palepale chini, "Ndugu yangu, huyu si ng'ombe. Ukienda nyuma yake, ama uwe mbali nje ya mguu, ama uwe umeshikamana naye ubavuni, mkono wako mgongoni mwake ajue ulipo. Hapo katikati ulipokuwa wewe ndipo makaburini."

Bwana Kidevu alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ofisi. Alikuja polepole, akamtazama farasi kwanza, kisha mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. "Farasi hii mbaya," alisema. "Baada ya mavuno mimi safari Kondoa. Farasi piga mtu tena, mimi piga risasi. Na wewe saisi," akamnyooshea Ndahani kidole, "hamsa ishirini, halafu rudi kazi ya tuta." Hamsa ishirini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Tulizisikia bomani, viboko vile ishirini na vitano, kila palipokuwa na kesi, na kila mwanaume aliyezipata alilala kifudifudi siku nyingi. Tangu siku hiyo kila nilipomtazama Kunde niliuona pia mgongo wa mume wangu.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya kujifunza kusoma, ingawa kusoma vitabu nilikuja kujua baadaye sana, misheni. Fundi alitufundisha wakati wa chakula, akitumia vidole vyake viwili juu ya kichwa kuwa masikio. "Farasi husema kwa sikio kwanza. Sikio likienda mbele, ameona kitu anataka kukijua. Moja mbele moja nyuma, anakusikiliza na kusikiliza mengine. Yote yakilala shingoni, namna hii, amekwisha kukutukana. Ondoka au mjibu, lakini usisimame tu. Baada ya sikio, pua hukunjamana. Kisha mkia hukaza. Mguu ni wa mwisho. Watu wote waliovunjwa wanakwambia farasi alinipiga ghafla. Uongo! Alisema mara tatu, wao hawakuwa wakisikiliza." Ndahani aliuliza kuhusu ule mguu wa nyuma ambao Kunde huunyanyua akiwa amesimama kivulini. Fundi akasema tazama mdomo. Kama mdomo wa chini umening'inia na masikio yamelegea pembeni, anaupumzisha mguu tu, kama wewe unavyoegemea ukuta. Kama mdomo umebana na mkia umebana, huo mguu ni bunduki iliyojazwa.

Nilianza kutazama kutoka jikoni. Nikasonga ugali huku nikitazama masikio. Na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba Kunde hakuwa mbaya siku nzima. Akipigwa brashi na Ndahani alitulia, akashusha kichwa, akalambalamba midomo. Akila aliruhusu kuguswa shingo. Ubaya ulikuja majini tu, na ulikuja akiwa na Ndahani tu. Fundi alipompeleka horini alikunywa kama mtu mwingine yeyote. Bomani walikwisha kupata maelezo yao. Ombasha Rihani, askari aliyepita kwetu mara kwa mara kuomba moto wa kiko chake, alisema farasi anachukia harufu ya Wagogo. "Samli ile," alisema. "Mimi mwenyewe huwa natamani kupiga teke." Ndahani alicheka, lakini asubuhi yake nilimkuta akijisugua kwa sabuni na mchanga mpaka ngozi ikawaka, na shuka lake jekundu akaliacha akavaa kanzu kuukuu ya Fundi iliyomfika magotini. Akampeleka Kunde horini. Masikio yalilala kama kawaida, kiuno kikageuka, na Ndahani, ambaye sasa alijua pa kusimama, akaruka pembeni. Teke lilipiga hori, maji yakamwagika. Fundi alimtazama na ile kanzu fupi iliyolowa, akasema, "Umeharibu nguo yangu na samli bado inanukia."

Siku hiyo ndipo niliposikia. Nilikuwa nimeyatazama masikio mengi mno hata nikasahau kwamba mimi mwenyewe ninayo. Kabla ya masikio ya Kunde kulala, kabla hajalifikia hori, palikuwa na mluzi. Mwembamba, wa chini, unaopanda na kushuka. Mluzi ule sisi tuliozaliwa kwenye ng'ombe hatuusikii kabisa, kama vile mtu asivyousikia upepo wa kwao. Mchungaji huwapigia ng'ombe wakiwa wanakunywa, ili watulie na washibe. Kisimani, ambako mifugo ya watu wengi hungoja zamu, utasikia miluzi mitano sita pamoja, na mnyama aliyekunywa bila kupigiwa mluzi tunasema amelamba tu. Ndahani alikuwa akimpigia Kunde. Fundi, mtu wa pwani, hakuwa na desturi hiyo. Na yule saisi wa Mlali, aliyevunjwa mkono, alikuwa mfugaji kama sisi.

Nilimwambia mume wangu tukiwa peke yetu. Akakataa. "Mluzi? Mimi? Sijapiga mluzi tangu nitoke zizini kwa baba."

"Unapiga, Ndahani. Asubuhi na jioni."

"Nyemo, mimi ndiye mwenye mdomo."

Sikubishana. Jioni nilimwomba Fundi asimame karibu na jiko. Ndahani alimtoa Kunde, akaja naye polepole, akijua tunamtazama, midomo ameibana kama mtu aliyeambiwa asicheke. Alipofika mahali ambapo maji yanaonekana, midomo ilifunguka yenyewe na mluzi ukatoka. Fundi alijipiga paja. "Shemeji, Mungu akuweke! Anaimba kama kinanda!" Masikio ya Kunde yalikuwa yamekwisha kulala. Ndahani alisimama palepale na kamba mkononi, akiwa ameshika mdomo wake kwa mkono mwingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta wezi nyumbani kwake nao ni ndugu zake.

Ombasha Rihani alitupa sababu, alipokuja kuomba moto. Alipata kuwa Iringa. Kule, alisema, bwana mmoja kijana aliwafundisha farasi kuruka handaki. Alikuwa na filimbi. Akipuliza, na kabla sauti haijaisha, watu wawili wenye mijeledi huwapiga farasi kwa nyuma. "Farasi waliruka vizuri sana," alisema ombasha. "Wawili walivunjika miguu."

Basi Fundi akaona kazi imekwisha. Ndahani aache mluzi. Na aliacha, kwa kujiwekea kipande cha kijiti kati ya meno kila alipokwenda horini. Wiki ile Kunde alikunywa kwa wasiwasi lakini hakurusha mguu, na nyumba yetu ilipumua. Mimi mwenyewe niliwapikia kuku. Tulikuwa katikati ya kuku huyo Ndahani aliposema, "Na siku ya safari?"

"Siku ya safari nini?" aliuliza Fundi.

"Wapagazi wanapangwa kwa filimbi, mkubwa. Shaushi wa askari hupuliza, mizigo inyanyuliwe. Kunde atakuwa pale katikati, Bwana Kidevu mgongoni, na nyuma yake watu."

Tulikwisha kuiona misafara ikiondoka bomani. Filimbi ilikuwa nyingi kuliko maneno. Ndahani akasema kumnyamazishia dunia haiwezekani, lazima Kunde afundishwe kuusikia mluzi. Hapo ndipo Fundi alipokasirika kweli. Alisema yeye ndiye mkubwa wa banda, na ametumia miezi kumtoa huyu mnyama kwenye balaa, na sasa Mgogo mmoja anataka kumrudisha kwa sababu hawezi kuishi bila kuimbia maji. Ndahani akasema yeye hatakuwa na mgongo wa kuishi nao. Fundi akainuka, akaacha kuku sahanini, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Asubuhi alirudi jikoni kabla moto haujashika. "Shikamoo, Fundi," nilimwambia. "Marahaba," akasema, kisha akauliza kana kwamba anaendelea na mazungumzo ya jana, "Muulize mumeo, huo mluzi utapigwa kutoka wapi?" Ndahani alikuwa amekwisha kuwaza. Mtu akitaka kumzoeza ndama anayeogopa kisima, alisema, hamvuti. Anapiga mluzi kutoka mbali, anamwaga maji, anangoja.

Hivyo ndivyo walivyofanya, na nilishuhudia kila siku ya kazi hiyo. Fundi alisimama begani mwa Kunde, kamba ndefu, mkono mmoja shingoni mwa farasi. Ndahani alisimama mwisho wa ua kabisa, kwenye uzio wa miiba, akapiga mluzi mdogo kama wa mtu anayejisemea. Sikio moja likaenda nyuma. Mimi nikamwaga ndoo ya maji horini. Masikio yote yakija mbele, alipelekwa akanywa. Yakilala, Fundi hakumpiga wala hakumkimbia. Alimgusa kifua kwa kidole akamrudisha nyuma hatua chache, mbali na maji, akangoja kichwa kishuke. "Amezoea kwamba akitisha, mtu huondoka," Fundi alinieleza. "Sasa akitisha, yeye ndiye anayeondoka. Lakini pa kusimama ni hapa begani, shemeji. Hapa mguu wa nyuma haufiki na wa mbele hauna nafasi." Kulikuwa na siku alirudishwa nyuma hata karibu na mlango wa banda, na kiu ikamshika, na akasimama anatuangalia kama mdai. Siku mbili nilidhani Fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ndahani alisogea kidogo kidogo, uzio, nguzo, kivuli cha banda. Mavuno yalipoanza alikuwa anapiga mluzi akiwa amesimama upande wa pili wa hori, na Kunde alikuwa anakuja mwenyewe.

Ila filimbi ya shaushi hatukuwa nayo. Ombasha Rihani aliombwa aiazime, akasema afadhali aazime mguu wake. Kwa hiyo asubuhi ya safari ilipofika tulikuwa tumefundisha mluzi wa mdomo tu, na hakuna aliyejua kama farasi ataona mluzi wa mtu na filimbi ya chuma ni kitu kimoja au vitu viwili. Fundi alisema ni vitu viwili. Nilimpa Ndahani uji, akaunywa amesimama.

Uwanja mbele ya ofisi ulijaa wapagazi na mizigo yao, askari, na wake za askari. Nilisimama pembeni na wanawake. Bwana Kidevu alipanda, akashika hatamu kwa mkono mmoja. Ndahani alisimama begani mwa Kunde, mahali pale pale alipofundishwa, mkono shingoni. Nyuma ya farasi, karibu mno, palikuwa na wapagazi wawili na sanduku la dawa. Fundi aliwaendea akawasukuma kando bila maelezo. Shaushi akatia filimbi mdomoni. Nilitazama masikio tu. Filimbi ililia, kali, ndefu, na masikio ya Kunde yakaenda nyuma yote mawili. Nikamwona Bwana Kidevu akikaza magoti; alikuwa amehisi. Nikauona mkia ukibana. Ndahani hakumvuta wala hakuruka. Akaegemea shingo ile kwa bega lake na kutoa mluzi wake, ule wa chini, katikati ya kelele ya chuma, kama mtu anayemtafsiria mgeni neno gumu.

Sikio moja likageuka. Kisha la pili. Kunde akanyanyua kichwa, akatoka kwenye mstari. Hakuruka, alitembea, na Bwana Kidevu mgongoni na Ndahani ubavuni, akikatiza mbele ya shaushi na wapagazi wenye mizigo vichwani, akizunguka kona ya ofisi mpaka uani kwetu. Hatamu zilivutwa, naye akazipuuza kwa adabu. Alifika horini, akatumbukiza mdomo, akanywa. Askari walikuwa wametazama chini, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Fundi Feruzi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamsikia Bwana Kidevu akisema kwa Kijerumani neno moja refu, kisha akauliza, "Saisi, hii nini?"

"Kiu, Bwana," alisema Ndahani.

Bwana Kidevu alimtazama yeye, akatazama miguu ya nyuma ya farasi iliyotulia vumbini, na wanawake tuliokuwa tumefuata na kusimama si mbali nayo. Msafara mzima ulikuwa unamngoja kwenye jua na mizigo vichwani. Akalegeza hatamu. Ndahani akaendelea na mluzi wake, maana kuuacha katikati kwetu si heri, na yule Mjerumani akakaa juu pale, kidevu mbele, akasubiri mnyama ashibe.